SOMO LA HESABU: TUIKAGUE NAMBA 5,383,728



Tarehe 23 Agosti 2022 ilikuwa siku ya Sensa ya Watu na Makazi katika nchi yetu. Baada ya hesabu kukamilika, mkoa wa Dar es Salaam ulionekana kuwa na watu 5,383,728.

Wengi wetu tukiiona namba kama hii gazetini tunairuka. Tunasema, "Hiyo ni ya wataalamu." Hapana, ndugu. Namba kubwa ni kama mgeni aliyefika kijijini. Usipomuuliza maswali hutamjua. Ukimwuliza jina, atokako na ndugu zake, utamjua vizuri.

Leo tutaiuliza namba hii maswali, kwa penseli na karatasi tu. Halafu tutakwenda nayo Kariakoo, tuone jinsi maarifa hayo hayo yanavyolinda fedha za kikundi chenu. Chukua daftari, twende pamoja.

KWANZA: TUISOME

Anza kulia, kata namba kwa mikato, tarakimu tatu tatu:

5 , 383 , 728

Kundi la kulia ni la mamia, makumi na mamoja. Kundi la kati ni la maelfu. Kundi la kushoto ni la mamilioni. Kwa hiyo tunasoma: milioni tano, mia tatu themanini na tatu elfu, mia saba ishirini na nane.

Sokoni utasikia pia neno laki. Laki moja ni elfu mia moja, yaani 100,000. Hivyo mfanyabiashara wa Kariakoo atasoma: milioni tano, laki tatu, elfu themanini na tatu, mia saba ishirini na nane. Wote wawili wamesema kweli.

Angalia mikato vizuri. Mkato mmoja ukikosewa, laki hugeuka milioni.

PILI: TUTAZAME MKIA WAKE

Mkia wa namba unaeleza mengi.

Tarakimu ya mwisho ni 8. Kwa hiyo namba yetu ni shufwa, yaani inagawanyika kwa 2 bila baki. Haimaliziki kwa 0 wala 5, kwa hiyo haigawanyiki kwa 5 wala kwa 10.

Tarakimu mbili za mwisho ni 28. Kwa kuwa 28 ni 4 mara 7, namba nzima inagawanyika kwa 4. Kwa nini tunatazama mbili tu? Kwa sababu mia moja ni 4 mara 25. Mamia yote yanagawanyika kwa 4 tayari. Kinachobaki kuulizwa ni mkia tu.

Tarakimu tatu za mwisho ni 728. Namba 728 ni 8 mara 91. Basi namba nzima inagawanyika kwa 8, kwa sababu elfu moja nayo ni 8 mara 125.

TATU: TUJUMLISHE TARAKIMU ZAKE

5 + 3 + 8 + 3 + 7 + 2 + 8 = 36

Tena 3 + 6 = 9. Hii ni alama kubwa. Namba ambayo jumla ya tarakimu zake inafika 9 inagawanyika kwa 9 bila baki, na kwa 3 pia.

Siyo uchawi huu. Tuseme una machungwa 10. Ukiyapanga mafungu ya 9, linabaki 1. Ukiwa na machungwa 100, unapata mafungu 11, na linabaki 1. Ukiwa na 1,000, unapata mafungu 111, na linabaki 1 vile vile. Basi kila kumi huacha 1, kila mia huacha 1, kila elfu huacha 1.

Sasa chukua 728. Mamia 7 yanaacha 7. Makumi 2 yanaacha 2. Mamoja ni 8. Jumla ya masalio ni 17. Katika 17 toa fungu moja la 9, yanabaki 8. Hakikisha mwenyewe: 9 mara 80 ni 720, baki 8. Umeona? Kujumlisha tarakimu ni kukusanya masalio.

Njia hii tuiite kutupa tisa. Ikumbuke, tutaihitaji sokoni.

NNE: JE, INAGAWANYIKA KWA 7?

Saba ni mkaidi, haoneshi alama kwenye mkia. Lakini mikato yetu itatusaidia. Chukua yale makundi matatu kuanzia kulia. La kwanza liache, la pili litoe, la tatu lijumlishe:

728 – 383 + 5 = 350

Sasa 350 ni 7 mara 50. Kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 7.

Sababu yake ni namba 1,001. Namba hiyo ni 7 mara 11 mara 13. Hivyo elfu moja imepungukiwa na 1 tu ili igawanyike kwa 7. Ndiyo maana maelfu tunayatoa. Milioni moja nayo imezidi kwa 1, maana 999,999 ni 1,001 mara 999. Ndiyo maana mamilioni tunayajumlisha.

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa 11 na 13. Namba 350 haigawanyiki kwa 11 wala kwa 13, kwa hiyo 5,383,728 nayo haigawanyiki kwa namba hizo.

TANO: TUIVUNJE MPAKA MWISHO

Fundi akitaka kuijua saa huifungua. Nasi tuifungue namba yetu. Kwanza tuigawe kwa 2 mara nyingi iwezekanavyo:

5,383,728 gawa kwa 2 = 2,691,864
2,691,864 gawa kwa 2 = 1,345,932
1,345,932 gawa kwa 2 = 672,966
672,966 gawa kwa 2 = 336,483

Hii ya mwisho inamalizika kwa 3. Ni witiri, 2 imekwisha. Sasa tugawe kwa 9:

336,483 gawa kwa 9 = 37,387

Jumla ya tarakimu za 37,387 ni 28, haigawanyiki tena kwa 3. Sasa tujaribu 7:

37,387 gawa kwa 7 = 5,341
5,341 gawa kwa 7 = 763
763 gawa kwa 7 = 109

Kumbe 7 imeingia mara tatu! Na 109 je? Haigawanyiki kwa 2, 3, 5 wala 7. Hatuna haja ya kujaribu 11 na kuendelea, maana 11 mara 11 ni 121, imeshaipita 109. Kwa hiyo 109 ni namba tasa. Namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Basi namba ya watu wa Dar es Salaam imejengwa hivi:

2 x 2 x 2 x 2 x 3 x 3 x 7 x 7 x 7 x 109 = 5,383,728

Hakuna namba tasa nyingine zinazoweza kuijenga. Ukianza kuigawa kwa 7 au kwa 3, mwisho utafika kwenye matofali haya haya. Hii ni kanuni ya namba zote nzima zinazozidi 1, kubwa na ndogo.

Mkitaka kujua inagawanyika kwa namba ngapi kwa jumla, hesabuni njia za kuchagua matofali. Tofali la 2 unaweza kulichukua mara 0, 1, 2, 3 au 4. Hizo ni njia 5. Tofali la 3 lina njia 3, la 7 lina njia 4, la 109 lina njia 2. Sasa 5 x 3 x 4 x 2 = 120. Zipo namba 120 zinazoigawa bila baki.

SITA: TUINGIE KARIAKOO

Kariakoo ni mtaa wa biashara katika wilaya ya Ilala. Jina lake limetokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps. Hicho kilikuwa kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918. Jengo kubwa la soko lilifunguliwa mwaka 1975. Aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli. Moto ulilikumba tarehe 10 Julai 2021. Lakini Kariakoo siyo jengo moja. Maduka yamejaa mitaa ya Msimbazi, Kongo, Uhuru na mingine, na wanunuzi wanatoka mikoa yote.

Huko vitu vya jumla vina vipimo vyake. Khanga ni kwa doti, yaani vipande 2. Vingine ni kwa dazeni, yaani 12. Nguo hufungwa kwa korija, yaani 20. Vitu vidogo kama vifungo na penseli huenda kwa grosi, yaani dazeni 12, ambazo ni vitu 144.

Watu siyo bidhaa, lakini hesabu ni ile ile. Tazama matofali yetu: 2 x 2 x 2 x 2 x 3 x 3 ni 144. Kwa hiyo namba 5,383,728 ni grosi 37,387 kamili, hakuna kinachobaki. Kwa korija hazitoshi sawasawa. Ni korija 269,186 na baki 8.

Ndiyo sababu mwenye duka hupenda namba zenye vigawo vingi. Dazeni unaweza kuigawa kwa 2, 3, 4 na 6. Lakini vitu 109 huwezi kuvigawa kwa wanakikundi wowote bila ugomvi, ila wawe 109!

SABA: KUTUPA TISA KUNAVYOKAMATA KOSA

Sasa tufike kwenye faida yenyewe. Mkoa wa Dar es Salaam una wilaya tano. Sensa ya 2022 ilipata hivi:

Ilala 1,649,912
Kinondoni 982,328
Temeke 1,346,674
Ubungo 1,086,912
Kigamboni 317,902
Jumla 5,383,728

Tuikague jumla hii bila kuifanya upya. Katika kila wilaya jumlisha tarakimu, tupa tisa, andika baki:

Ilala: 32, baki 5
Kinondoni: 32, baki 5
Temeke: 31, baki 4
Ubungo: 27, baki 0
Kigamboni: 22, baki 4

Jumlisha mabaki: 5 + 5 + 4 + 0 + 4 = 18. Tupa tisa, baki 0. Na jumla ya chini, 5,383,728, tuliona tarakimu zake ni 36, baki 0. Zimelingana.

Haya, sasa tuseme kikundi cha akina mama wa kijijini kimetuma watu wawili Kariakoo. Bei hizi ni za mfano tu:

Khanga, doti 36 kwa Sh. 12,500: Sh. 450,000
Sufuria 15 kwa Sh. 18,700: Sh. 280,500
Madaftari, dazeni 24 kwa Sh. 9,600: Sh. 230,400
Sabuni, katoni 8 kwa Sh. 31,400: Sh. 251,200

Duka limejaa watu, dereva wa basi anangoja, mwenye duka anaandika chini: Jumla Sh. 1,222,100. Mtalipa?

Ngojeni kidogo. Tupeni tisa. Khanga baki 0. Sufuria baki 6. Madaftari baki 0. Sabuni baki 1. Jumla ya mabaki ni 7. Lakini 1 + 2 + 2 + 2 + 1 ni 8. Hazilingani! Hapo lipo kosa, hakuna ubishi. Mwambieni kwa upole, "Ndugu, hebu tujumlishe tena." Jumla ya kweli ni Sh. 1,212,100. Mmeokoa Sh. 10,000 za kikundi. Huenda mwenye duka hakukusudia. Mkono huteleza. Lakini fedha ikishatoka, imetoka.

Kutupa tisa kunakagua kuzidisha pia. Mfano, sufuria 15 kwa 18,700. Namba 15 ina baki 6. Namba 18,700 ina baki 7. Sita mara saba ni 42, baki 6. Na 280,500 ina baki 6. Sawa.

NANE: MLINZI HUYU NAYE HUSINZIA

Hapa sikilizeni sana, maana wengi hukosea. Mabaki yasipolingana, kosa lipo kwa hakika. Lakini yakilingana, siyo ushahidi kwamba hesabu ni sahihi. Kutupa tisa hakuoni makosa ya aina tatu:

1. Tarakimu zilizopinduka. Mwenye duka angeandika Sh. 1,221,100 badala ya 1,212,100, jumla ya tarakimu ni 7 zote mbili. Kikundi kingepoteza Sh. 9,000 huku mkisema hesabu iko sawa.

2. Sifuri iliyoongezwa au kupunguzwa. Namba 45,000 na 450,000 zina baki moja.

3. Tarakimu 0 iliyoandikwa mahali pa 9, au 9 mahali pa 0.

Kwa hiyo wekeni walinzi watatu. Wa kwanza ni kukadiria kwa malaki: laki nne na nusu, karibu laki tatu, laki mbili na ushei, laki mbili na nusu. Jumla ni kama laki kumi na mbili. Sifuri ya ziada itaonekana hapo hapo. Wa pili ni kutupa tisa. Wa tatu ni kujumlisha tena, safari hii kuanzia chini kwenda juu.

Na mkipata jumla mbili zisizolingana, yenu na ya mwenye duka, toeni moja kwa nyingine. Tofauti ikigawanyika kwa 9, kama ile 9,000, tazameni kwanza kama tarakimu zimepinduka.

TISA: SIFA HIZI NI ZA NAMBA, SIYO ZA MJI

Msije mkadhani kugawanyika kwa 9 au kwa 7 ni bahati ya Dar es Salaam. Hapana. Angeongezeka mtoto mmoja tu, namba ingekuwa 5,383,729. Hiyo ni witiri. Haigawanyiki kwa 9, wala kwa 7, wala kwa grosi. Lakini inagawanyika kwa 13, maana 729 – 383 + 5 ni 351, na 351 ni 13 mara 27. Mtu mmoja amebadilisha sifa zote. Ndiyo maana katika hesabu, kama katika sensa, mmoja naye ni mtu.

MAZOEZI

Fanyeni wenyewe kwanza, kisha tazameni majibu.

1. Sensa ya mwaka 2012 ilipata watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Je, namba hiyo inagawanyika kwa 2? Kwa 9? Kwa 7?

2. Mwaka 2022 mkoa huo ulikuwa na wanaume 2,600,018 na wanawake 2,783,710. Kagua kwa kutupa tisa kama jumla ni 5,383,728.

3. Mwaka huo huo Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347 na Zanzibar watu 1,889,773. Jumla ya Tanzania nzima ilikuwa 61,741,120. Kagua kwa kutupa tisa.

4. Risiti ina Sh. 64,500, Sh. 128,300 na Sh. 97,200. Mwenye duka ameandika jumla Sh. 280,000. Je, ni sawa? Mtafanya nini?

MAJIBU

1. Kwa 2 haigawanyiki, inamalizika kwa 1. Kwa 9 inagawanyika, jumla ya tarakimu ni 27. Kwa 7 haigawanyiki: 541 – 364 + 4 = 181, na 181 gawa kwa 7 ni 25, baki 6.

2. Wanaume baki 8, wanawake baki 1. Jumla 9, baki 0. Inalingana.

3. Bara baki 6, Zanzibar baki 7. Jumla 13, baki 4. Tarakimu za 61,741,120 ni 22, baki 4. Inalingana.

4. Mabaki ni 6, 5 na 0. Jumla 11, baki 2. Lakini 280,000 ina baki 1. Kuna kosa. Jumla ya kweli ni Sh. 290,000. Mwenye duka amejipunja Sh. 10,000. Mwambieni, maana haki ni ya pande zote mbili.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari lisilokaguliwa nalo halina habari. Mkikutana kikundini wiki hii, fungueni daftari la fedha, chagueni ukurasa mmoja, mtupe tisa pamoja. Atakayekuta kosa asimcheke mweka hazina. Amsaidie kulisahihisha.